Tabia za Bagamoyo na Kariakoo

Miji ina tabia kama watu walivyo na tabia, na tabia ya mji, kama ya mtu, haijulikani kwa kutazama uso peke yake. Mgeni aingiaye Bagamoyo huona nyumba za mawe zilizochakaa, milango ya nakshi iliyopaushwa na chumvi, madau yaliyolazwa mchangani, na wazee waliokaa barazani wakingoja adhana. Kisha husema kuwa mji huu umelala. Mgeni huyo huyo akisafiri kiasi cha kilometa 70 kwa barabara kwenda kusini, akaingia Kariakoo katikati ya jiji la Dar es Salaam, huona magari yaliyokwama, mikokoteni inayopenya, maduka yaliyobanana, na watu wanaoitana kwa sauti kuu. Kisha husema kuwa mtaa huu haulali. Maneno yake yote mawili ni ya kweli, lakini ni ukweli wa uso.

Katika insha hii nakusudia kuzilinganisha tabia za mahali hapa pawili kwa kutazama zilikotoka. Hoja yangu ni kuwa Bagamoyo na Kariakoo, ingawa mmoja ni mji wa pwani na mwingine ni mtaa wa ndani ya jiji, zililelewa na mtu mmoja, naye ni mpagazi, yaani mtu aliyebeba mali ya wengine kichwani na mabegani kwa ujira au kwa kulazimishwa. Hoja yangu ya pili ni kuwa kumbukumbu zetu zimezibadilishia sehemu hizi huzuni zao. Bagamoyo twaikumbuka kwa machozi kuliko inavyostahili, na Kariakoo twaikumbuka kwa biashara tu, hali jina lake ni jina la jeshi la watu waliokufa kwa maelfu bila ya makaburi yanayojulikana.

Tuanze na mji wa pwani. Kabla ya Bagamoyo palikuwapo Kaole, mwendo mfupi kusini yake, ambapo magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo yashuhudia kuwa Waislamu wa pwani walikaa huko tangu karne ya 13. Bagamoyo yenyewe ilipata nguvu baadaye, chini ya majumbe wa Kishomvi walioishi kwa mapatano na majirani zao Wazaramo. Kilichoikuza hasa ni biashara ya pembe za ndovu ya karne ya 19. Unguja ilikuwa soko, na Bagamoyo ilikuwa ng'ambo yake karibu. Njia iliyotoka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika ikapita Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na kuteremka hadi pwani, ilikoma hapo. Burton na Speke walianza safari yao kutoka sehemu hii ya pwani mwaka wa 1857, na Stanley alianza yake Bagamoyo mwaka wa 1871. Vitabu vyao viliwafanya wajulikane ulimwenguni, lakini njia waliyoipita haikuwa yao. Wanyamwezi walikuwa wameikanyaga miaka mingi kabla ya Mzungu wa kwanza kuiona.

Kazi ya mpagazi yataka kuelezwa, maana wengi wetu tumesahau ilivyokuwa. Mzigo wa kawaida ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na juu yake mtu aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, na silaha. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, aliyejua njia, visima na mahali pa kulala. Safari kutoka pwani mpaka ziwani ilichukua miezi. Kila nchi yenye mtawala iliupasa msafara kutoa hongo, ambayo wakati ule ilikuwa ushuru wa kupita. Wapagazi Wanyamwezi aghalabu walikuwa watu huru. Walipatana ujira kabla ya kuondoka, wakalipwa nguo, shanga, waya wa shaba au reale, na walipoonewa waligoma au walitoroka na kumwacha bwana wa msafara kati ya pori na shehena yake. Wanahistoria wa siku hizi wameonyesha kuwa kwa kijana wa Kinyamwezi safari ya pwani ilikuwa jambo la fahari, na aliyeifanya alirudi kwao akihesabiwa kuwa mtu mzima.

Hapo ndipo tunapokutana na jina la mji. Maelezo yanayosomwa sana na wageni ni kuwa Bagamoyo maana yake ni mahali ambapo mtumwa aliubwaga moyo wake, akakata tamaa kwa kuona bahari na jahazi la kumpeleka asikokujua. Maelezo mengine ni kuwa mpagazi, baada ya miezi ya jua na kiu, alifika hapa akautua mzigo na moyo wake ukapumzika. Sidhani kuwa lugha peke yake yaweza kukata shauri hili, lakini yaweza kutupa fununu. Kubwaga ni kitendo cha mwenye mzigo. Aliyebeba kuni hubwaga kuni, na aliyebeba gunia hubwaga gunia. Naye akisha kubwaga hushusha pumzi, hujinyosha mgongo, huomba maji. Moyo unaobwagwa katika usemi huu wafanana zaidi na moyo uliotuliwa pamoja na mzigo kuliko moyo uliovunjika. Hesabu za biashara nazo zaelekea upande huo huo, kwa maana watumwa wengi zaidi walipitia Kilwa, na Bagamoyo ilikuwa kwanza mji wa pembe na wapagazi.

Lakini tusivuke mpaka wa haki kwa kupenda hoja. Watumwa walipita Bagamoyo, na wengine walikaa hapo mashambani na majumbani. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka wa 1868 walijenga kijiji cha watu waliokombolewa, na kijiji kile kisingekuwapo kama pasingekuwa na watu wa kukombolewa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, na biashara ya siri iliendelea baada yake. Anayesema kuwa Bagamoyo haikuona machozi hasemi kweli. Ninachosema mimi ni kuwa machozi hayakuwa yote, na kuwa mtu huru aliyefika na mzigo wake, akadai ujira wake, akacheza ngoma zake na kurudi kwao, amefutwa katika hadithi ili hadithi iwe nyepesi kusimulia. Njia hii imewekwa katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka wa 2006 kwa jina la njia ya watumwa na pembe za ndovu. Pembe imetajwa, na mtumwa ametajwa. Mpagazi wa ujira, aliyekuwa mwingi njiani, hakutajwa katika jina.

Hata mwili wa Livingstone uliingia Bagamoyo juu ya mabega. Alikufa mwaka wa 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na Susi na Chuma pamoja na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi pwani, wakafika Februari 1874. Mnara wa kanisa unaoitwa kwa jina lake bado wasimama katika misheni. Mbebwaji alipata mnara Bagamoyo, na jijini Dar es Salaam alipata mtaa, nao ni Mtaa wa Livingstone, uliopo Kariakoo.

Mji uliopokea wageni maelfu kwa maelfu kila msimu ulikuwa lazima upate tabia ya mwenyeji. Maisha yake yalifuata pepo na misafara: kaskazi ilileta majahazi, kiangazi kilileta watu wa bara, na kati ya majira hayo mji ulingoja. Kungoja huku, ambako mgeni wa leo hukuita usingizi, kulikuwa sehemu ya kazi. Mwenyeji alijua kuwa watu watakuja, na kuwa watakapokuja watahitaji chakula, banda la kulala, mwamuzi wa ugomvi, na mtu wa kuwauzia pembe zao bila kuwapunja mno. Utani kati ya makabila ya bara na ya pwani ulistawi sana katika njia za misafara, kwa sababu watu wasiojuana waliokutana kwa mali walihitaji ruhusa ya kutukanana bila kupigana.

Twaijua tabia hiyo kutoka kwa mwenyeji mwenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alifundisha Kiswahili Berlin, na mwaka wa 1903 Carl Velten alichapisha Ujerumani kitabu cha desturi za Waswahili ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya kalamu ya Mtoro. Ndani yake mna kuzaliwa na kuoa, ngoma na mazishi, majumbe na haki zao, na safari za bara. Wanafunzi wetu hukisoma kama hazina ya mila. Mimi naona pia kuwa ni kitabu cha mtu wa mji wa wenyeji, azoeaye kumweleza mgeni mambo kwa utaratibu na adabu, hata yale ambayo mgeni hakuyauliza.

Mji huo ulivunjwa kwa mapigo matatu. Pigo la kwanza lilikuwa la ushuru. Mwezi wa Agosti 1888 Kampuni ya Wadachi ilishika forodha za pwani kwa mkataba na Sultani wa Unguja, na watu wa Mrima wakaona kuwa haki zao zimeuzwa wao wakiwa hai. Vita vikazuka chini ya Bushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, na Bagamoyo ikashambuliwa mwezi wa Septemba. Wissmann alikuja mwaka uliofuata na askari wa kukodiwa kutoka Misri na Msumbiji, na Bushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivitungia vita hivi utenzi, na hiyo ni bahati yetu, kwa kuwa tunazo habari za walioshindwa kwa lugha yao wenyewe. Pigo la pili lilikuwa la maji. Pwani ya Bagamoyo ina kina kifupi, na meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali, lakini Dar es Salaam ina bandari ya asili yenye kina. Mwaka wa 1891 makao makuu ya serikali yakahamia huko. Pigo la tatu lilikuwa la chuma. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Behewa moja lilichukua shehena ya mamia ya wapagazi, wala halikudai posho. Bagamoyo ikabaki na majumba yake.

Sasa tuhame na mzigo. Dar es Salaam ilikuwa mji mchanga, ulioanzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860. Wadachi walipoufanya makao yao makuu waliugawa kwa rangi za watu, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikwisha kutenga upande wa magharibi uwe wa Waafrika, wakakata mitaa yake kwa mistari iliyonyoka na kujenga jumba la soko. Vita vilipoanza mpango huo ulikatika. Waingereza waliuteka mji mwezi wa Septemba 1916, na mahali hapo wakaweka kambi ya jeshi la wapagazi wao, lililoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, na likawa Kariakoo. Nairobi nayo ina mtaa uliopata jina lake kwa asili hiyo hiyo.

Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa historia hana budi kulitafakari. Mwaka wa 1914, mwaka ule ule reli ilipofika Kigoma na kuonekana kuwa imemstaafisha mpagazi, vita vilimrudisha njiani. Mapigano yalikwenda mbali na reli, mbung'o waliua farasi na nyumbu, magari yalizama matopeni, na majeshi ya pande zote mbili yakarudi kwenye kichwa cha mtu. Lakini mpagazi huyu hakuwa yule wa Bagamoyo. Yule alipatana ujira. Huyu aghalabu alikamatwa kijijini. Yule alimfuata kirangozi wa kwao katika njia aijuayo. Huyu alipelekwa nchi asizozijua, akapewa unga asiouzoea, mara nyingi usioiva, akalala mvuani. Kuhara damu, homa ya malaria na kichomi viliua wengi kuliko risasi. Wapagazi waliotumikia upande wa Waingereza hukadiriwa kuwa laki nyingi, na hesabu nyingine hukaribia milioni moja. Waliokufa upande huo peke yake hukadiriwa kuwa karibu 95,000. Majina ya wengi hayakuandikwa sawasawa, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Upande wa Wadachi nao walikufa wengi, na hesabu yao ni hafifu zaidi.

Tangu mwaka wa 1927 Dar es Salaam ina sanamu ya ukumbusho wa vita hivyo, na watu wote wa jiji waijua kwa jina la Askari. Maandishi ya chini yawataja wapagazi, na yawasifu kuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini sanamu ni ya askari peke yake, ameshika bunduki yenye singe. Katika sanamu ya Nairobi mpagazi amesimama pamoja na wenzake. Katika hii ya Dar es Salaam hayupo. Ukumbusho mkubwa alionao hapa ni jina la mtaa, na hilo nalo kila siku hutamkwa na maelfu ya watu wasiojua kuwa wanamtaja. Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi tumeubeba huu kama usufi kweli kweli.

Baada ya vita, kambi ikawa makazi na jumba likawa soko. Serikali ya Kiingereza ilifuata mgawanyo ule ule wa Wadachi: Uzunguni pwani, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kutenga upande wa Waafrika na pande nyingine. Ndani ya mipaka hiyo watu walijenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, baraza mbele na uani nyuma. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Kwa hiyo katika uani mmoja walipika Mzaramo, Mmanyema, Myao na Mnyamwezi, na watoto wao wakakua wakitukanana na kusuluhishana kwa Kiswahili. Majina ya mitaa yasimulia habari hiyo: Kongo, Nyamwezi, Swahili, Pemba, Mafia.

Hapa yaonekana tofauti kubwa ya kwanza ya tabia. Bagamoyo ilikuwa na wenyeji waliopokea wageni. Kariakoo haikuwa na mwenyeji wa jadi wa kumpa mgeni ruhusa, kwa sababu karibu wote walikuja, na aliyekuja jana alimpokea ajaye leo. Katika mji wa pwani mtu aliulizwa ni wa nani. Katika mtaa huu aliulizwa anakaa nyumba gani. Kutokana na swali hilo la pili ulitoka umoja wa namna mpya. Kleist Sykes, ambaye baba yake alitoka Msumbiji na jeshi la Wissmann lililokuja kuvunja nguvu ya watu wa pwani, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Association mwaka wa 1929, na wanawe wakawa katika safu ya mbele ya siasa za mtaa huu. Katika nyumba ya chama hicho, ukingoni mwa Kariakoo, ndimo TANU ilimoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, na mtaa ule leo huitwa Lumumba. Mjukuu wa vita vya Bagamoyo, kwa upande wa waliovishinda, alisaidia kuandaa uhuru akiwa Kariakoo. Historia ya pwani yetu haikubali kugawanywa kwa urahisi baina ya wema na wabaya.

Tofauti ya pili ni ya wakati. Bagamoyo ilihesabu kwa misimu, na Kariakoo yahesabu kwa saa, hata kwa dakika ya gari la mizigo kuondoka. Tofauti ya tatu ni ya jengo. Mji wa pwani ulijenga kwa mawe na kuyaacha yachakae mahali pake. Mtaa hubomoa na kujenga tena. Jumba la soko la kale liliondolewa, na soko jipya lililobuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza katika Afrika ya Mashariki, likafunguliwa mwaka wa 1975, paa lake likiwa kama miavuli ya zege iliyofunuliwa. Moto uliliunguza tarehe 10 Julai 2021. Nyumba za vyumba sita zimekwisha karibu zote, na ghorofa zimepanda mahali pake. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja iliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Bagamoyo hupoteza majengo yake kwa mvua na uzembe, polepole. Kariakoo huyapoteza kwa haraka ya kupata.

Lakini katika lugha mahali hapa pawili pamekuwa ndugu, na ndipo mwalimu wa Kiswahili apaswapo kusikiliza. Hongo, iliyokuwa ushuru wa wazi wa kupita katika nchi ya mtawala, leo ni rushwa itolewayo kwa siri. Posho, iliyokuwa chakula cha siku cha mpagazi, leo ni fedha apewayo mkubwa kwa kuhudhuria mkutano. Utani wa njia ya misafara umehamia mpirani: Yanga ya Jangwani, iliyoanzishwa mwaka wa 1935, na Simba ya Msimbazi, iliyoanzishwa mwaka wa 1936, zote zina makao yao Kariakoo na pembeni yake, na mashabiki huziita watani wa jadi. Na mtaa haujaacha kuzaa maneno. Winga, aliyekuwa mchezaji wa pembeni, sasa ni mtu asiye na duka wala bidhaa, anayemchukua mnunuzi njiani na kumpeleka kwenye duka la mwingine ili apate cha juu. Wasafi wa lugha hulalamika, lakini sioni kuwa neno hili lina dosari kuliko hongo na posho zilivyokuwa siku zake. Kiswahili kilipata nguvu kwa kufuata mizigo, na mizigo iko Kariakoo.

Hata ugomvi wa ushuru haukwisha. Mwezi wa Mei 2023 wafanya biashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa wakilalamikia namna kodi inavyokusanywa, hata Waziri Mkuu akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Na mwezi wa Juni 2024 wakayafunga tena. Silinganishi Serikali ya nchi huru na Kampuni ya Wadachi, maana kulinganisha huko kungekuwa uzushi. Nasema tu kuwa miji inayoishi kwa kupitisha mali za watu huwa na ngozi nyembamba mahali pa forodha, na mtawala mwenye hekima hulijua hilo kabla ya milango kufungwa.

Je, mpagazi mwenyewe yuko wapi leo? Bagamoyo yamkumbuka kidogo, katika nyumba ya misafara na katika maelezo ya waongoza wageni, ambao wengi wao hupenda zaidi minyororo. Mji umepata kazi nyingine ya heshima: tangu 1981 una chuo cha sanaa, na ngoma za nchi nzima hufundishwa hapo, kama zilivyochezwa hapo zamani na watu wa bara waliokuwa wametua mizigo. Kariakoo haimkumbuki, lakini ndiyo inayomtumia. Asubuhi yoyote utamwona kuli aliyeinama chini ya robota la nguo, msukuma mkokoteni anayeomba njia, na mwendesha guta aliyepakia katoni kupita kimo chake, wakipeleka mali itakayokwenda Lubumbashi, Lilongwe na Moroni. Hulipwa kwa mzigo, na mzigo ukianguka hasara ni yao. Wateja huwapisha kwa hasira.

Naona basi kuwa kosa letu katika kuzisoma sehemu hizi limekuwa kugawa kazi vibaya: tumeipa Bagamoyo historia, na Kariakoo tumeipa biashara. Matokeo yake ni kuwa Bagamoyo imefanywa makumbusho ya huzuni moja, nayo ilikuwa mji wa watu waliojua bei ya kazi yao. Na Kariakoo imefanywa mahali pasipo na jana, hali yasimama juu ya kambi ya watu waliolazimishwa kubeba mpaka wakafa. Mpagazi huru tumemlilia kama mtumwa, na aliyetumikishwa tumemsahau kabisa.

Kulisahihisha hilo si jambo la gharama kubwa. Kibao kimoja sokoni Kariakoo chaweza kueleza jina la mtaa kwa mistari michache ya Kiswahili. Waongoza wageni wa Bagamoyo waweza kufundishwa kusimulia hadithi zote mbili za jina la mji, na kumwachia msikilizaji apime. Kazi kubwa zaidi ni ya vyuo. Wapo wazee Unyamwezini, Uzaramoni, Ukambani na Unyasa ambao babu zao walikwenda Kariakoo ya vita na hawakurudi, na habari walizopokea nyumbani hazijakusanywa kwa ukamilifu. Mwanafunzi atafutaye maudhui ya tasnifu yake anayo hapa, nami ningemshauri asikawie, kwa kuwa wajukuu hao nao wamekwisha kuwa wazee.